Mwanangu wa kiume abebe jina la mama yangu kwenye ubini: kuna ubaya gani?

Kijana wa Chumbageni (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite.

Mke wangu ana miezi minane na kipimo kimesema ni dume. Jina la kwanza tumeshaelewana, Idrisa. Mimi ni Shabani. Kwa mpangilio wetu wa siku zote mtoto ataandikwa Idrisa Shabani, kisha la tatu linakuja la baba yangu mzazi. Hapo kwenye la tatu ndipo panaponikaba.

Baba yangu nimemwona mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa darasa la tatu, akaninunulia soda, akaniuliza nasoma darasa la ngapi. Mara ya nne alikuwa ameshavikwa sanda. Sina kinyongo naye, Mungu amrehemu. Ila aliyekaanga vitumbua barazani miaka kumi na sita mpaka nikamaliza chuo ni mama yangu, na mama anaitwa Mwanahamisi. Nataka mtoto aandikwe Idrisa Shabani Mwanahamisi.

Nikamgusia karani mmoja anayehusika na vizazi, ili nijue mapema. Akainua kichwa: "Babu yake mtoto anaitwa Mwanahamisi?" Nikamwambia ni bibi. Akamwita mwenzake wa meza ya pili aje asikie. Nimetoka pale kama niliyemwagiwa maji ya dagaa.

Sasa fikirini na mimi. Rais wetu ni Samia Suluhu Hassan. Samia ni yeye, Suluhu ni baba yake, Hassan ni babu yake. Mwanamke mmoja, wanaume wawili nyuma yake, na hakuna aliyewahi kucheka. Binti yake naye ni Wanu Hafidh Ameir: mama ni Rais wa nchi, lakini kwenye jina la binti huyo mama hayumo. Rudini nyuma. Siti binti Saad, Bi Kidude ambaye jina lake ni Fatuma binti Baraka. Leo nani angejua kwamba duniani alipita mtu anaitwa Saad kama si sauti ya binti yake? Yaani mwanamke anaruhusiwa kumbeba baba mpaka akamfikisha redioni, ila mwanamume kumbeba mama ni kichekesho.

Naomba hoja, si matusi. Hasa wenye uzoefu wa makabila na nchi nyingine.

Fundi Mita

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Ila mkuu, shuleni watamwita Mwanahamisi mpaka amalize form six. Umejiandaa?

Kijana wa Chumbageni

Mimi walikuwa wananiita Kitumbua. Nimefika hapa.

Mpemba wa Maskati

Assalamu alaykum. Ndugu yangu, mie nimekaa Omani mwaka wa kumi na tisa huu, na huku jambo hili halina mzaha. Pasi ya mtu imeandikwa fulani bin fulani bin fulani, halafu kabila. Mwanamke ni bint, na akiolewa haendi kuchukua jina la mume, anabaki na la babake mpaka kaburini. Hii tabia ya kumwita mwanamke Mrs. nani na nani imeletwa na Mzungu, sisi hatukuwa nayo.

Aya ya tano ya Suratul Ahzab inasema waiteni kwa baba zao. Maana yake usimpachike mtoto nasaba isiyo yake. Ukiandika Mwanahamisi pale mahali pa babu, atakayesoma baada ya miaka mia atadhani ni babu. Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Haya ya kucheka kwa karani hayanihusu.

Lakini nikwambie na upande wa pili, maana dhulma siipendi. Isa bin Maryam anaitwa kwa mama, na hakuna aibu. Sayyidna Ali alikuwa na mtoto anaitwa Muhammad, wakamwita Ibn al-Hanafiyya, kwa sababu mamake alitoka Banu Hanifa, ili apambanuke na watoto wa Bibi Fatima. Kuitwa kwa mama kupo. Kuandikwa ndiko kwenye mazungumzo.

Na kwa vile umetaja Unguja, kuna Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Alipoolewa na Mjerumani akawa Emily Ruete. Mwanawe wa kiume aliyezaliwa Hamburg mwaka 1869 wakamwita Rudolph Said. Rudolph la babake, Said la babu mzaa mama. Alipokuwa mtu mzima akawa anajiandika Said-Ruete, kaliunga na kistari kabisa. Bibi yule alipoteza dini, nyumba na ndugu, lakini jina la babake alilipenyeza kwa mlango wa nyuma mpaka Ulaya. Umeona? Hata yeye hakupenyeza la mamake. Kapenyeza la mwanamume.

Fundi Mita

Sheikh umenifunga mdomo hapo mwishoni.

Nyina wa Wangari

Habari zenu kutoka Nyeri. Hii stori yako imenigusa sana, manake kwetu Wakikuyu jina si la kuchagua, ni deni. Kijana wa kwanza ni baba ya bwanako. Kijana wa pili ni babako. Msichana wa kwanza ni mama ya bwanako, wa pili ni mamako. Baada ya hapo unaanza kwenda kwa ndugu na dada, upande huu na upande ule. Mzazi mwenyewe hapewi mtoto jina lake, anangoja wajukuu.

Angalieni tu familia ya Kenyatta. Mamake Jomo aliitwa Wambui, na binti yake akawa Margaret Wambui, yule aliyekuwa meya wa Nairobi. Babake aliitwa Muigai, na ndiyo unaona Uhuru Muigai. Halafu kuna Muhoho, jina la baba ya Mama Ngina, mke wa Jomo. Uhuru naye alipopata watoto, ni Jomo, Ngina na Muhoho. Ukijua mpangilio unaweza kusoma ukoo mzima bila kuuliza mtu.

Wangari wangu ni mama mkwe. Si kwamba anafanana naye, *ni* yeye. Bwanangu akimbembeleza anamwita maitu, yaani mamangu. Siku moja nilimchapa kidogo kwa kumwaga unga, mzee hakunisemesha mpaka jioni. Nilikuwa nimempiga mamake.

Sasa kuhusu swali lako. Kijana hapewi jina la kike. Hapana. Lakini kwa boma lenye wake wengi, kijana alikuwa anaitwa kwa mamake ili ajulikane ni wa nyumba gani: Kamau wa Njeri, Kamau wa Wairimu. Hata koo zetu zote zimeitwa kwa mabinti wa Mumbi, mama wa Wakikuyu wote. Hakuna ukoo wa mvulana hata mmoja. Wanaume wanapenda kusahau hiyo.

Na kwa mama aliyezaa bila kuolewa, watoto walikuwa wanaitwa kwa watu wa kwake, babake na mamake. Korti yetu kuu mwaka 2016 ilisema mtoto wa nje ya ndoa naye ana haki ya jina la babake kwenye cheti, kitu ambacho sheria ilikuwa imezuia mpaka baba mwenyewe akubali. Kwa hivyo kwetu vita ilikuwa kinyume na yako: wamama wakitafuta jina la baba liingie. Wewe unatafuta litoke.

Kijana wa Chumbageni

Dada hapo umenipiga ngumi ya tumbo. Sikuwahi kuliona kwa upande huo.

Mtu wa Riadha

Wakuu mimi naongea kwa lugha ninayoijua, michezo.

Wale wa Ligi Kuu ya Uingereza ya zamani mnamkumbuka Heiðar Helguson? Mshambuliaji wa Watford na Fulham, kichwa chake kilikuwa nyundo. Watu wengi wa Iceland hawana jina la ukoo kama Wazungu wengine. Jina la pili ni la baba, ukiweka son kwa mvulana na dóttir kwa msichana. Rais wao Vigdís Finnbogadóttir, aliyechaguliwa mwaka 1980, maana yake ni Vigdís binti Finnbogi. Basi. Ni kama binti Saad. Lakini Helguson ni mwana wa Helga, na Helga ni mwanamke! Jamaa kapiga mabao Uingereza na jina la mama mgongoni na hakuna aliyejua. Aliyekuwa meya wa Reykjavík yeye kabeba wote wawili, Dagur Bergþóruson Eggertsson. Mama kwanza, baba baadaye. Na tangu 2019 sheria yao inamruhusu asiyejiandikisha kama mwanamume wala mwanamke kuweka bur, yaani mtoto wa, bila kusema wa kike au wa kiume.

Njooni Ethiopia. Tirunesh Dibaba na Genzebe Dibaba, watangazaji wetu wanasema "Dibaba" kana kwamba ndilo jina lake. Dibaba ni baba yao! Ukisema "Dibaba anaongoza mzunguko wa mwisho" unamkimbiza mzee.

Kalenjin nao, Kip ni ya mwanamume, Chep ni ya mwanamke. Sasa mtazameni bingwa wa mita 1,500, Faith Chepngetich Kipyegon. Ndani ya jina moja kuna Chep na kuna Kip. Kike chake, kiume cha nyuma. Yaleyale ya mwanzisha uzi.

Kichekesho cha kufungia: George Foreman, bondia. Wanawe watano wa kiume wote aliwaita George. Binti mmoja akamwita Georgetta. Huyo hakutaka kusahauliwa kwa bahati mbaya.

Fundi Mita

Mzee akiita "George njoo" nyumba nzima inainuka 😂

Bahati wa Bukavu

Ndugu zangu, mtanisamehe Kiswahili changu cha Kivu. Mimi ni mwanaume na naitwa Bahati. Dada yangu anaitwa Furaha, na jirani yetu mwanaume anaitwa pia Furaha. Kwetu jina halina suruali wala sketi.

Tena kwetu ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa kwenye karatasi. Huyu amepewa la babu, huyu la shangazi, huyu la rafiki aliyemsaidia mama siku ya kuzaa. Mpakani kwenu mnashangaa sana. Mara moja afisa aliniuliza: kama huyu ni mdogo wako, mbona jina si moja? Nikamjibu, kwani ni mapacha wa duka? Kwa majirani zetu Wanyarwanda na Warundi pia ni hivyo, kila mtoto na jina lake, hakuna jina la ukoo la kupitisha.

Na Mobutu aliwahi kutufuta majina ya Kizungu mwaka 1972, yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko na maneno mengine marefu. Kwa hiyo sisi tumeshaona: serikali ikitaka, jina linabadilika kwa asubuhi moja. Huyo karani wako asikuogopeshe.

Wakili wa Kijiweni

Huyo karani asimwogopeshe, lakini makaratasi yamwogopeshe. Niongee kama mtu anayeandika viapo vya majina kila wiki.

Robo tatu ya wateja wangu ni watu ambao cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha form four kinasema vile, kitambulisho cha taifa kinasema vingine. Mtu kaanza shule akaandikwa kwa jina la mjomba. Mtu kaandika babu, mwingine kaandika ukoo. Siku ya mirathi au ya kuomba pasi ndipo anapogundua kwamba yeye ni watu watatu. Tatizo halikuwa jina la kike. Tatizo ni kutokuwa na jina moja mfululizo. Mkuu ukiamua Mwanahamisi, liwe Mwanahamisi kliniki, chekechea, kila mahali, na wewe mwenyewe ujue utaulizwa mbona jina lako la pili si la tatu la mwanao.

Na mfumo wenyewe haujawahi kuwa mmoja. Shaaban Robert, mtu wa Tanga mwenzako, Robert ni jina la baba yake tu. Lakini nenda maktaba za Ulaya, wamempanga kwenye R, kana kwamba kuna ukoo wa akina Robert hapo Vibambani.

Mluguru Mstaafu

Vijana mnapenda kusema "utamaduni wetu" kama vile ni mmoja. Mimi ukoo wangu nimeupata kwa mama. Mashamba ya mlimani yalipita kwa mama, mjomba ndiye alikuwa na sauti. Wamakonde, Wayao, Wamwera, Wakaguru, nao ni kwa mama. Kwa hiyo huyo anayesema mtoto wa kiume kubeba upande wa mama ni kitu cha Kizungu, aje Mgeta nimkalishe kwenye kigoda.

Na Mwalimu? Alizaliwa akaitwa Mugendi. Baadaye akabadilishiwa akaitwa Kambarage, na kwa Wazanaki hilo ni jina la pepo wa mvua, tena pepo wa kike. Baba wa Taifa mzima kabeba jina la kike na nchi ilikaa sawa.

Muganda Mwema

Naongeza tu mstari mmoja kutoka Kampala. Kila Muganda ana ukoo wa baba yake, isipokuwa Kabaka, mfalme wetu. Kabaka huchukua ukoo wa mama.

Mpemba wa Maskati

Hii nilikuwa siijui. Ahsante.

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Wanangu nimesoma yote, miwani imeniuma. Mnazunguka Iceland na Uganda, hakuna aliyelitazama jina lenyewe.

Mwanahamisi ni nini? Ni Hamisi, akavishwa Mwana. Sisi watu wa pwani tulikuwa na njia yetu. Mtoto kazaliwa Ijumaa, wa kiume Juma, wa kike Mwanajuma. Kazaliwa Idi, wa kiume Idi, wa kike Mwanaidi. Alhamisi, Hamisi na Mwanahamisi. Jina moja, milango miwili. Na ya Kiarabu vilevile, Rashidi na Rashida, Saidi na Saida, Jamili na Jamila. Kwa hiyo ukitaka mtoto awe somo wa bibi yake, si lazima umwandike kule nyuma kwenye foleni ya wanaume. Somo anawekwa mbele.

Halafu swali langu: mama yako mwenyewe umemuuliza?

Kijana wa Chumbageni

Bi Mkubwa, hapana. Nilitaka iwe zawadi ya kushtukiza.

Bi Mkubwa wa Ngamiani

Ndiyo tabu yenu. Mnatugawia heshima bila kutuuliza tunaivaa wapi. Kamuulize.

Nyina wa Wangari

Hapo mama amemaliza. Na mke wako? Jina la Idrisa lilitoka wapi?

Kijana wa Chumbageni

Idrisa ni baba yake mke wangu. Ndiyo, najua, najua. Msinipige wote kwa pamoja.

Mtu wa Riadha

Kwa hiyo babu mzaa mama anaingia bila kelele, bibi mzaa baba ndiye tunamfungulia uzi. Sawa.

Kijana wa Chumbageni

MREJESHO

Wakuu samahani kwa kupotea wiki tano. Mtoto kafika, mzima, kilo tatu na nusu, mama yake mzima.

Nilimuuliza mama kama nilivyoagizwa. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamweleza yote, la tatu, karani, Iceland, Kabaka. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Unataka kunipanga msitarini nyuma ya yule bwana, mahali pake? Mimi sijataka mahali pake hata siku moja." Akaendelea na mchele. Nikaona hilo limeisha.

Sasa mtoto kazaliwa saa mbili usiku, siku ya Alhamisi. Mnaojua mnajua. Mama yangu ni mtu wa hesabu za zamani: jua likishazama Alhamisi, kwake huo ni usiku wa Ijumaa. Ndivyo anavyofunga, ndivyo anavyoosha nguo, ndivyo anavyotupigia kelele tukikata kucha. Kwa hesabu hiyo mtoto ni Juma. Mjomba wangu akasema hivyohivyo pale wodini: "Huyu ni Juma."

Mama akachukua kadi ya hospitali, akaisogeza mbali na macho, akaiweka karibu, akasema: "Hapa wameandika Alhamisi. Hospitali hawawezi kukosea."

Mke wangu akacheka mpaka mshono ukamuuma. Idrisa tumemwekea akiba mdogo wake, Mungu akijalia. Huyu ni Hamisi. Siku ya saba mama alimnyoa mwenyewe, hakutaka mtu mwingine amshikie wembe, na tangu siku hiyo hajamwita jina. Anamwita somo. "Somo kalala?" "Somo kanyonya?"

Wakili wa Kijiweni

Hongera sana mkuu. Na kwenye cheti, la tatu mmeandika nani?

Kijana wa Chumbageni

La baba yangu. Mama ndiye aliyemtajia karani, herufi kwa herufi.